Bikoni Chini ya Jiko

Mwezi wa nne, hapa Bogotá, sakafu yangu hutoka jasho.
Huanzia pembeni, nyuma ya mtungi wa gesi:
doa la ukubwa wa sahani, kisha la sinia,
kisha soksi za wajukuu zinalowa
na mkwe wangu Yeimy anaita kwa sauti ya kulilaumu paa.
Paa ni zima, mwanangu.
Maji haya hayashuki. Yanapanda.

Kiwanja tuliuziwa na Don Arcesio, mtu wa malori,
kwa karatasi moja yenye mhuri wa duka la dawa.
Mimi na marehemu Belarmino tulikuja na magodoro mawili,
kuku watatu, na vita mgongoni, kutoka milimani.
Matete yalitufika kifuani.
"Patakauka," alisema. "Tipa moja, elfu kumi."
Basi tukainunua nchi kavu tipa kwa tipa.
Usiku, taa zimezimwa, yalirudi kinyumenyume yakitweta,
yakamwaga matofali, vigae vya vyoo vya watu wa kaskazini,
mlango mmoja mzima, wa bluu,
mwanasesere asiye na mkono.
Tulisawazisha kwa sepetu hadi alfajiri.
Vyura waliimba tipa ya kwanza, ya pili, ya tano.
Ya tisa, nilisikia pumzi za Belarmino tu.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Haya yetu hayakumwagika. Tuliyazika,
na hatukuuliza kwanza kama yamekufa.

Ikaja lami. Ikaja namba ya mlango, na basi jekundu.
Halafu ukaja ua wa waya na ubao: HIFADHI, USIINGIE,
na ng'ambo ya barabara maghorofa kumi na mawili
yakaitwa Matete ya Ziwa,
maana kitu kikishauawa
jina lake hubaki bure, la kuuzia vyumba.

Mwanangu Nilson akapata kazi ndani ya ua:
buti za mpira, darubini, daftari.
Anahesabu tingua, ndege wa matope mwenye mdomo mwekundu
ambaye nilimfukuza kwa mawe nilipokuwa nikianika nguo.
Mwaka juzi kumi na tisa. Mwaka huu kumi na mmoja.
Huandika kwa penseli, ati akikosea afute.
Sijamwona akifuta ili aongeze.

Jana fundi bomba alivunja sakafu chini ya jiko
na sururu ikalia kama kengele.
Zege la mraba. Herufi za shirika la maji,
namba arobaini na saba, na mshale.
Bikoni.
Mpaka haukuwa pale kwenye waya.
Ulikuwa hapa, kati ya maharage na kahawa,
na mshale ulielekea kitandani kwangu.
Miaka thelathini na mmoja nimelala ndani ya ziwa.

"Nifunike, mama?" fundi akauliza, saruji tayari kwenye ndoo.
Nikasema, ngoja tule kwanza.

Nilson akaingia, akavua buti mlangoni,
akaona, akanyamaza, akanywa supu yote.
Kisha akanionyesha picha kwenye simu, matete yaliyosukwa,
na kwa sauti yake ya utotoni akasema:
"Nyumba yangu haina mlango."
"Yai," nikajibu.
"Mawili," akasema. "Lakini kuanzia saa nane
kivuli cha ghorofa kinalala juu yake."

Najua. Jiwe moja halirudishi ziwa,
na Don Arcesio amezikwa makaburi ya heshima, pakavu kabisa,
na wakija na karatasi wataanza na mlango wangu,
hawatagusa ghorofa.
Na sina pengine pa kupeleka magodoro.
Haya yote nayajua.

Daftari lilikuwa wazi mezani, kando ya chumvi.
Penseli yake ilisimama juu ya ukurasa, haishuki.
Akanitazama.
"Andika," nikamwambia. "Ila tafuta kalamu ya wino."
Kisha nikainuka kuwatafutia watoto soksi kavu.